Je, Tumemwuliza Mwenyewe?

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yohana 9:1–38, 2 Samweli 9, 2 Samweli 16:1–4, 2 Samweli 19:24–30, Mithali 31:8, 9, Marko 10:46–52, Matendo 8:26–39, 1 Wakorintho 12:14–26.

Fungu la kukariri: Yohana 9:21. Lisome katika Biblia yako hadi ulishike, ukizingatia maneno ya mwisho ya wazazi wale.

Ukishuka mwendokasi Gerezani asubuhi na kukata kuelekea sokoni Kariakoo, jambo la kwanza linalokupokea ni sauti. Mwenye mkokoteni anapiga kelele apishwe. Mmachinga amepanda juu ya meza ananadi mashati. Kipaza sauti kimerekodiwa bei nacho kinairudia bila kuchoka. Mahali pale mwenye sauti ndogo hauzi.

Katika mtaa mmoja wa hapo yupo mama, mshiriki wetu, anayeuza nyanya na vitunguu. Pembeni yake yupo mwanawe mwenye miaka 27. Kijana huyu ana ulemavu wa akili. Hajui kusoma. Kuhesabu kunampa tabu, lakini noti anazijua kwa rangi: ile nyekundu ya shilingi 10,000, ambayo mjini wanaiita msimbazi, haitolei chenji mpaka mama aione kwanza. Wateja wa siku zote anawajua kwa majina, na anajua nani huchagua nyanya kwa kuziminya.

Mama huyu alileta ombi kwenye baraza la kanisa nililokuwa nikihudumu: mwanawe alitaka kubatizwa. Tulikaa karibu saa nzima. Tulimwuliza mama kama kijana anaelewa dhambi ni nini, kama ataweza kuitunza Sabato, kama hatatuaibisha majini. Mama alijibu yote kwa subira. Mwishowe tukaamua kwamba tungoje. Muda wote huo kijana alikuwa ameketi nje kwenye benchi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, hatua kumi kutoka mlangoni. Hakuna aliyeufungua ule mlango. Nami nilikuwa mmoja wa waliouliza maswali.

Juma hili tutajifunza juu ya kosa hilo. Ni lini kumsemea mtu ni upendo, na ni lini kumsemea ni kumziba kinywa?

JUMAPILI

Wazazi Waliosema Kweli kwa Woga

Soma Yohana 9:18–25. Wazazi waliulizwa nini, nao kwa nini walijibu walivyojibu?

Mtu aliyezaliwa kipofu ameponywa, na mji mzima unamjadili. Majirani wanabishana kama ndiye au amefanana naye. Mafarisayo wanagawanyika. Kisha wanawaita baba na mama. Wazazi wanakiri mambo mawili wanayoyajua: huyu ni mtoto wetu, naye alizaliwa haoni. Jambo la tatu wanalikataa. Wanasema kwamba mwana wao ni mtu mzima, basi aulizwe yeye, atajieleza.

Yohana hatufichi sababu. Waliogopa kutengwa na sinagogi. Hawakusema vile kwa kuheshimu haki ya mtoto wao. Walikuwa wanajivua mzigo. Hata hivyo, maneno waliyoyasema kwa woga yalikuwa ya haki kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Waliokuwa wakimjadili mtu huyu walikuwa wengi, na wazazi wake ndio waliosema kwamba ana kinywa chake.

Na alipofungua kinywa hicho, hakutoa hotuba. Alikubali kwamba yapo mambo asiyoyajua. Akasimama juu ya jambo moja analolijua: alikuwa haoni, na sasa anaona. Ushahidi mfupi kiasi hicho uliwashinda wasomi. Walipokosa la kumjibu walimtukana kwa habari ya kuzaliwa kwake, wakamtupa nje. Yesu aliposikia, alimtafuta hadi akampata.

Inafaa tukumbuke kwamba hata Sheria ya Ushahidi ya nchi yetu haianzi kwa kumshuku mtu. Inaanza kwa kuhesabu kwamba kila mtu anaweza kutoa ushahidi, isipokuwa mahakama ikiona kuwa hawezi kuelewa maswali anayoulizwa au kuyajibu kwa namna ya kueleweka. Maana yake ni kwamba lazima kwanza aulizwe. Hakimu hawezi kujua kuwa shahidi haelewi swali ambalo hajamwuliza. Sisi barazani tuliamua kwamba kijana haelewi kabla hajasikia swali hata moja. Mahakama ingemtendea vizuri kuliko sisi.

Tafakari: Ni nani katika familia au kanisa lako ambaye habari zake unazipata kila mara kupitia mtu mwingine? Ni lini mara ya mwisho ulimwuliza yeye?

JUMATATU

Siba na Punda Wawili

Soma Mithali 31:8, 9. Kisha soma 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30. Mafungu haya yanawezaje kusimama pamoja?

Mithali inatuamuru tufungue vinywa vyetu kwa ajili ya asiyeweza kusema. Agizo hili halijafutwa. Mtoto mchanga, mgonjwa aliyepoteza fahamu, mtu ambaye ulemavu wake ni mzito hata hawezi kutamka neno: hawa wanahitaji mtu wa kusimama upande wao. Kina mama wengi wa Dar es Salaam wamefanya kazi hiyo kwa machozi, wakizunguka na watoto wao migongoni kutafuta shule itakayowapokea. Nani awalaumu?

Lakini Biblia inatuonyesha pia msemaji wa namna nyingine. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa amelemaa miguu yote miwili. Daudi alimrudishia mashamba ya Sauli babu yake, akamweka Siba na wanawe 15 na watumishi wake 20 wayalime. Siku Daudi alipomkimbia Absalomu, Siba alimfuata njiani na punda wawili waliotandikwa, mikate 200, zabibu na divai. Mfalme alipouliza habari za Mefiboshethi, Siba alimjibu kwamba amebaki Yerusalemu akitumaini kurudishiwa ufalme wa babu yake. Daudi hakutuma mtu kumwuliza. Hapo hapo, barabarani, akampa Siba mali yote.

Baadaye Mefiboshethi alifika mbele ya mfalme, miguu haijatunzwa, ndevu hazijakatwa, nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka. Alieleza kwamba alitaka kutandika punda aende na mfalme, kwa kuwa hawezi kutembea, na mtumishi wake akamdanganya. Daudi, aliyekuwa na haraka, aligawa shamba nusu kwa nusu. Hata haki iliyochelewa ilikuja nusu.

Akili ya Mefiboshethi ilikuwa nzima kabisa. Kilichomponza ni kwamba aliyekuwa na punda ndiye aliyekuwa na maneno. Ndivyo inavyotokea mpaka leo. Mzee akifa, ndugu wanaketi kugawa nyumba, na yule mwenye ulemavu wa akili anawekwa chini ya mwangalizi bila kuulizwa angependa kuishi na nani. Mara nyingine mwangalizi ni mwema. Mara nyingine ni Siba. Ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha, maana wote wawili huleta mikate.

Kwa hiyo anayemsemea mwenzake ajipime kwa swali moja: Je, maneno haya ningeyasema hivi hivi kama yeye angekuwa ameketi hapa? Kama jibu ni hapana, basi bado hatujamsemea.

Tafakari: Daudi alikuwa mtu wa haki, naye alikosea kwa sababu ya haraka na shukrani. Ni mambo gani hutufanya tumwamini msemaji tusimtafute anayesemewa?

JUMANNE

Jina Unaloitwa Sokoni

Soma Mwanzo 1:26, 27 na Isaya 43:1. Mungu anamtambulisha mwanadamu kwa lipi kwanza?

Yule kijana wa nyanya ana jina zuri, lililotoka katika Biblia. Vijana wa mikokoteni hawalitumii. Wanamwita zezeta, na wakati mwingine taahira. Wengine, wakidhani ni upole, husema ana wazimu kidogo, wakichanganya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Hayo ni mambo mawili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili huanza utotoni: mtu hujifunza polepole na huhitaji msaada katika mambo ambayo wengine huyafanya peke yao. Lakini hujifunza.

Lugha yetu ina jambo la kutufundisha hapa. Tuna ngeli ya vitu: kiti, kisu, kikapu. Humo humo tumewaweka kipofu, kiziwi na kilema. Kijana na kiongozi nao wamo, kwa hiyo tusiilaumu sarufi kupita kiasi. Ila angalia kitenzi: hatusemi kipofu kimefika, tunasema kipofu amefika. Jina limemweka karibu na vikapu, na kitenzi kikamrudisha kwa watu.

Mwaka 1974, huko Oregon nchini Marekani, watu wenye ulemavu wa akili, baadhi yao waliokuwa wameishi miaka mingi katika taasisi za kufungiwa, walikutana kuandaa mkutano wao wenyewe. Walipotafuta jina la kundi lao walisema wamechoka kutambulishwa kwa ulemavu. Walitaka wajulikane kwanza kuwa ni watu. Vikundi vya namna hiyo vikaenea katika nchi nyingi. Robert Martin wa New Zealand, aliyepelekwa katika taasisi akiwa mtoto mdogo sana, alikua akawa mmoja wa waliozungumza kwenye Umoja wa Mataifa wakati Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipokuwa ukiandaliwa. Mkataba huo ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Mwaka 2016 alichaguliwa kuingia katika kamati inayosimamia utekelezaji wake, mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kufanya hivyo. Alifariki mwaka 2024.

Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Miongoni mwa misingi ya sheria hiyo ni heshima ya utu na uhuru wa mtu kujiamulia. Zanzibar ipo jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, iliyofanya kazi miaka mingi ili watoto hawa wasome pamoja na wenzao. Na hapa jirani na Kariakoo, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko imekuwa ikiwapokea watoto wasioona, watoto wenye ulemavu wa akili na watoto wasio na ulemavu. Anayepita pale wakati wa mapumziko huona kwamba watoto hawakungoja mkataba wa mtu yeyote ili wacheze pamoja.

Dunia imelikubali jambo hili kwa maandishi. Kanisa lilikuwa nalo tangu sura ya kwanza ya Mwanzo. Tusikubali kuwa wa mwisho kulitenda.

Tafakari: Unamwitaje mshiriki mwenye ulemavu wa akili anapokuwepo? Unamwitaje asipokuwepo?

JUMATANO

Ndiyo Isiyo Ndiyo

Soma Marko 10:46–52 na Matendo 8:30–36. Yesu na Filipo waliuliza maswali gani?

Miezi miwili baada ya kikao kile nilipita kununua nyanya. Mama alinifungia, kisha akaniambia bila kuinua macho, "Mwalimu, siku ile mlinihoji mimi. Mimi nilibatizwa zamani." Sikuwa na jibu. Nikamgeukia kijana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unataka kubatizwa?"

"Ndiyo."

"Au unataka tungoje kwanza?"

"Ndiyo."

Mama akacheka. "Ukimwuliza hivyo atakwambia ndiyo mpaka jioni."

Nilirudi nyumbani nikifikiri kwamba baraza lilikuwa sahihi. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba nilichokipima ni swali langu. Mtu aliyekemewa maisha yake yote hujifunza kwamba ndiyo ndilo neno lisiloleta matatizo. Huitoa kama mtu anavyotoa nauli. Si uongo, wala si ujinga. Ni njia ya kuishi miongoni mwa watu wenye haraka.

Na hapo pana hatari kubwa. Wazazi wengi huniambia kwamba wanawazuia watoto wao wasiseme wala kuamua ili wawalinde. Hofu yao ni ya kweli. Mji huu una magari, una wezi, una watu waovu wanaowavizia mabinti wenye ulemavu. Lakini mtoto aliyefundishwa kumtii kila mtu mzima atamtii na yule mwovu. Ambaye hajawahi kuruhusiwa kusema "sitaki" juu ya chakula au nguo, atalipata wapi neno hilo siku anapolihitaji kuliko chochote? Kumfundisha mtu kujisemea ni sehemu ya kumlinda.

Basi, tuulize vipi? Tumtazame Yesu. Bartimayo ni kipofu anayeomba kando ya njia. Haja yake inaonekana na kila mtu. Umati unamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, kisha anamwuliza anataka afanyiwe nini. Alijua, na bado aliuliza. Hakutaka kumpa hata zawadi njema bila kupita kwenye kinywa chake.

Mtazame na Filipo. Yule towashi Mkushi alikuwa mtunza hazina ya malkia, msomi, naye alipoulizwa kama anaelewa anayoyasoma alikiri kwamba hawezi asipopata mtu wa kumwongoza. Hakuna aliyesema kwamba kuhitaji msaada kunamwondolea haki ya kuamua. Filipo alipanda garini, akaketi, akaeleza. Na swali la ubatizo lilitoka kwa towashi mwenyewe.

Kuketi karibu, kutumia maneno mafupi, kuonyesha picha, kuuliza jambo moja kwa wakati mmoja, kuliuliza tena kwa njia nyingine siku nyingine, na kunyamaza hadi jibu lije: hii si elimu ya juu. Inahitaji muda tu, na muda ndio tunaonyimana.

Tafakari: Je, wewe husaidiwa na nani unapofanya maamuzi makubwa? Kwa nini msaada huo haukupunguzii utu uzima wako?

ALHAMISI

Nina Ndevu

Soma 1 Wakorintho 12:14–26. Paulo anasema nini juu ya viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge?

Kanisa letu halibatizi watoto wachanga. Tunaamini kwamba ubatizo ni uamuzi wa mtu mwenyewe aliyefundishwa na kuamini, na kwamba baba wala mama hawezi kuamini kwa niaba yake. Fundisho hilo ndilo tulilolitumia barazani kumchelewesha kijana. Baadaye niliona kwamba fundisho hilo hilo lilikuwa linatuhukumu. Kama hakuna awezaye kusema ndiyo kwa niaba ya mwingine, basi hakuna awezaye kusema bado kwa niaba yake pia. Kuelewa ni kwa lazima, lakini kuelewa hakupimwi nyuma ya mlango uliofungwa.

Nilirudi Kariakoo jioni moja, biashara zilipopungua. Nilikuwa na picha ya ubatizo kutoka katika masomo ya watoto. Mama alikwenda kwa jirani yake, akatuacha. Niliketi juu ya kreti, nikaiweka picha kati yetu.

"Hapa wanafanya nini?"

"Anazamishwa. Anatoka."

"Kwa nini?"

Alinyamaza. Mkokoteni ulipita, na mwingine. Mara mbili nilitaka kumsaidia jibu, nikajizuia. Kisha akasema, "Awe wa Yesu."

"Na wewe ukiwa wa Yesu, utafanyaje?"

Aliangalia mtaani, kule vijana wanakokaa. "Wakiniita lile jina, sitarusha nyanya."

Habari ya nyanya niliijua. Mama alikuwa ameniambia hasara yake. Nimewahoji watahiniwa wengi wa ubatizo katika miaka yangu. Wengi wamenitajia mafundisho kwa mpangilio mzuri. Wachache wameweza kunionyesha kwa kidole mahali ambapo toba yao ingeanzia.

Nilikuwa nimekwisha kupata nilichokuja kutafuta, nikainuka. Kwa adabu tu nikamwuliza kama ana swali.

"Kwa nini mimi nakaa na watoto?"

Nilimjibu jambo fulani kuhusu nyimbo, kwamba kule kuna nyimbo nzuri. Alinisikiliza. Kisha akajishika kidevu. "Nina ndevu."

Ndugu msomaji, mimi ndiye niliyeliandika jina lake kwenye daftari la darasa la watoto, alipokuwa na miaka 14. Miaka 13 ilipita. Kila Sabato nilimwona akiwa amekunja magoti kwenye kile kiti kifupi, nikafurahi moyoni kwamba kanisa letu linawajali. Hakuna aliyemtendea ubaya pale, na hakuna aliyemwuliza. Nilikwenda na swali moja, naye akanijibu swali nililokuwa sijawahi kulifikiria. Wazazi wa Yohana 9 walisema kwamba mwana wao ni mtu mzima. Huyu ilibidi aniambie mwenyewe, kwa ndevu zake.

Kikao kilichofuata aliingia ndani. Aliulizwa kama angependa mama akae naye, akachagua akae. Wazee waliuliza taratibu, wakangoja. Alibatizwa robo ile. Sasa yumo katika darasa la watu wazima. Sitasema kwamba mambo yamekuwa rahisi. Darasa limekuwa la polepole. Badala ya mafungu saba siku nyingine tunasoma matatu. Mshiriki mmoja alinilalamikia, na ninaelewa kwa nini. Lakini yale matatu tunayaelewa, maana yupo mmoja wetu ambaye neno lisipoeleweka husema, "Sijaelewa," na wengine tunagundua kwamba nasi tulikuwa hatujaelewa, tulikuwa tumezoea tu.

Paulo aliandika kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ni vya lazima. Kabla ya hapo nililisoma fungu hilo kama maneno ya kuwafariji wanyonge. Sasa nalisoma kama maelezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi.

Tafakari: Katika kanisa lako, ni nani aliyewekwa mahali fulani zamani kwa nia njema, na hakuna aliyerudi kumwuliza kama bado anataka kukaa hapo?

IJUMAA

Mawazo ya Ziada

Wapo watakaosema: na wale wasioweza kutamka neno kabisa? Hao ndio wanaotufundisha kwamba sauti ni pana kuliko maneno. Mama anayemtunza binti asiyesema anajua lini binti amegeuza uso, lini amekataa kijiko, ni mtu gani akiingia hutetemeka na ni yupi hutabasamu. Hizo ni kauli. Atakayemsemea na azisome kwanza, naye aseme kama shahidi wa alichokiona, si kama mmiliki. Hapo Mithali 31:8 inatimizwa kwa haki.

Wapo pia watakaouliza: kama tukimsikiliza naye akachagua vibaya? Inawezekana. Mungu aliweka mti katika bustani, na uhuru aliompa mwanadamu ulimgharimu Kalvari. Hakuuondoa. Hilo halituzuii kuonya, kushauri, na hata kumzuia mtu asiingie mbele ya gari. Linatuzuia kuufanya ulinzi kuwa kifungo cha maisha. Sisi wengine tumeruhusiwa kukosea mara nyingi, na tumejifunza humo.

Wengine watasema kanisa lina mambo makubwa zaidi. Yesu alikuwa njiani kupanda Yerusalemu kufa kwa ajili ya ulimwengu, jambo kubwa kuliko yote, alipoisikia sauti iliyokuwa ikikemewa. Akasimama.

Maswali ya Kujadili

1. Tofautisheni kati ya kumsemea mtu na kumsaidia ajisemee. Toeni mifano kutoka nyumbani, shuleni, hospitalini na kanisani.

2. Siba alisema maneno ambayo mfalme alitaka kuyasikia siku ya taabu. Kanisa linaweza kufanya nini ili watu wenye ulemavu wa akili wasipoteze urithi au makao kwa sababu ya wasemaji wa namna hiyo?

3. Mzazi anasema, "Namjua mwanangu kuliko anavyojijua." Ni sehemu gani ya maneno hayo ni kweli? Ni wapi yanapofika mwisho?

4. Angalieni utaratibu wa darasa la ubatizo katika kanisa lenu. Ni maswali gani yanayoweza kuulizwa kwa maneno mafupi, kwa picha au kwa matendo, bila kupunguza ukweli wake?

5. Kabla ya Sabato ijayo, kila mshiriki wa darasa amtafute mtu mmoja ambaye kwa kawaida husemewa na wengine. Aketi naye, amwulize jambo moja, kisha anyamaze hadi jibu lije. Mleteni mrejesho darasani. Na kama mhusika yuko tayari, aulete yeye mwenyewe.